Kwa Bi Zuwena, Aliyesema Haoni

Bi Zuwena wangu,

Shikamoo.

Najua salamu hii haina wa kuiitikia, lakini mkono umekataa kuanza na neno jingine. Kila asubuhi nilikuamkia kabla hata sijaweka mkoba chini, nawe ukaitika "marahaba mwanangu" huku uso wako umeukaribia mno ule mwanga wa kompyuta. Tangu uondoke naingia ofisini na kuketi kimya. Siku moja mwenzetu Odhiambo alijaribu kuniitikia kwa kuigiza sauti yako, ili nicheke. Hakuna aliyecheka, na yeye mwenyewe akatoka nje akakaa huko kwa muda.

Leo ni Ijumaa, ofisi imefungwa. Wenzangu wa chumbani wamekwenda kanisani, maana huku Dubai ibada ni Ijumaa, na mimi nimebaki peke yangu hapa Naif, na kelele za wapakiaji mizigo chini ya dirisha. Nimewaambia kichwa kinaniuma. Ukweli ni kwamba nataka kuzungumza na wewe, na sikutaka mtu anione nikifanya hivyo.

Mwanao Salma alikuja kutoka Maskati akamaliza mambo ya nyumba. Picha na chetezo chako amekwenda navyo, vyombo vingine akawagawia majirani. Nguo alizipeleka msikitini. Mimi alinipa kikombe chako kile kilichovunjika kishikio. Sikinywei, nimekifanya cha kuwekea kalamu. Nyumba ile sasa wamehamia watu wengine, na juzi nilipopita nikaona wametundika mapazia ya rangi ya chungwa ambayo ungeyalalamikia mpaka jioni.

Sijui kama nimewahi kukuambia jinsi nilivyokuwa siku ile uliponikuta. Ulijua nafanya kazi katika duka la uchapishaji, lakini hukujua kwamba asubuhi ya siku hiyo nilikuwa nimempigia mama yangu Korogwe kumwambia narudi nyumbani. Nilikuja Dubai nikiwa na cheti changu cha usanifu wa michoro, nimeahidiwa kazi ya ubunifu, na nilichopewa ni kupanga maandishi ya maboksi ya wafanyabiashara wanaosafirisha mizigo kwenda kwetu: chupa za chai, tochi, nywele za kusuka. Arbab, mwenye duka, alikuwa akisimama nyuma ya kiti changu na kusema "yalla, yalla", haraka haraka, na kazi ikaisha hivyo. Hakuna aliyewahi kuniuliza kwa nini nimeweka herufi hapa na si pale.

Ukaingia wewe na baibui lako jeusi, umefuata kadi zako za ofisi. Ukanisikia nikizungumza na mteja wa Mombasa. Ukachukua boksi la tochi lililokuwa kaunterini, ukalisogeza karibu na pua, ukaniuliza kwa Kiswahili cha Unguja kilichonishitua, "Nani kapanga maneno haya?"

Nikasema ni mimi. Nilidhani umekuja kulalamika.

"Umeyapanga vizuri, ila umeyabana. Mwenye kununua tochi hununua kiza kishaingia. Ataisoma vipi?"

Nilitoka na swali hilo nikalala nalo. Mtu aliyezaliwa Unguja, akaletwa huku mtoto, akasoma huku, akaolewa na kufiwa na mume huku, anasimama katika duka la Naif kumwonea uchungu mnunuzi wa tochi asiyemjua. Wiki iliyofuata ukanipigia simu. Baada ya miezi ya kuhangaika na karatasi za kuhama mwajiri, nikawa nakaa meza ya pili kutoka kwako, katika ofisi ile ya usanifu ya Al Rigga iliyo juu ya mgahawa, ambako saa sita mchana kila mchoro wetu ulinukia kitunguu.

Ulinifundisha kwa ukali, Bi Zuwena, na leo naomba nikushukuru kwa ukali huo. Nembo ya kwanza niliyoichora uliigeuza juu chini ukaniambia niitazame hivyo mpaka nione kasoro. Ulinikataza kutumia rangi kwa sababu tu naipenda. "Unapenda wewe, mteja naye? Na mteja wa mteja?" Sir Fadi, bosi wetu, alikuwa akitania kwamba kule kwao Beirut walimu kama wewe hufungiwa chumba chao ili watoto wasikimbie. Ulicheka. Ulipenda kucheka na Sir Fadi, na nadhani ndiyo maana jambo lililokuja baadaye lilikuwa zito hivyo kwenu nyote wawili.

Nilianza kuona mambo madogo. Ulikuwa ukikuza maandishi ya kompyuta mpaka neno moja linajaa kioo. Ukawa unanitaka nikusomee barua za wateja, ukisema macho yamechoka. Siku moja ukampelekea mteja wa juisi kijani kisichokuwa kijani, kilikuwa kama matope, na mimi nikamtumia kingine kabla hajakifungua. Mchana ukaniambia tushuke mgahawani tukanywe chai.

Uliishika ile glasi kwa mikono yote miwili. Ukasema, "Tabitha, macho yananikimbia." Daktari alikuwa amekwambia ni ugonjwa wako wa sukari, umeharibu mishipa ya ndani ya jicho. Walikuwa wamekuchoma kwa miale mara kadhaa, na madoa meusi hayakuondoka. Rangi zilikuwa zikififia moja moja, kama wageni wanaoaga.

Halafu ukanieleza lile ambalo sikuwa nimelifikiri. Umeishi nchi hii tangu ukiwa mtoto, umemzika mume wako hapa, lakini kibali chako cha ukaazi kilitegemea kazi yako. Kazi ikiondoka, nchi nayo inaondoka. Unguja ulikuwa huna nyumba, wala mtu aliyekujua usoni isipokuwa dada yako mmoja mgonjwa.

"Niazime macho yako," ukaniambia. "Mpaka nijue la kufanya."

Nikakuazima. Nilikaa karibu yako zaidi. Ulikuwa ukiniuliza, "Ile nyekundu imekaaje?" nami nikawa najifunza kuisema rangi kwa maneno, jambo ambalo chuoni hakuna aliyetufundisha. Ukinisikiliza ulifumba macho. Na kazi zilizotoka miezi ile zilikuwa nzuri, Bi Zuwena, sisemi kwa kukupendezesha. Odhiambo, ambaye kazi yake ni tovuti na programu za simu na ambaye hamsifu mtu bure, aliniambia, "Huyu mathe amerudi ujana."

Ndipo ikaja kazi ya hospitali. Wote tuliitaka. Hospitali mpya, ghorofa kwa ghorofa, na sisi tuchore kila kibao na kila alama: mapokezi, maabara, wodi ya watoto, chumba cha sala, choo. Sir Fadi alisema tukiipata kazi hii ofisi yetu itajulikana. Mkachora pamoja, wewe na Odhiambo, kitu cha kupendeza sana. Herufi nyembamba za kijivu juu ya vioo, na kila idara ina kialama chake cha mstari mmoja kama uzi. Ukikitazama ulihisi utulivu. Kamati ya hospitali ilipoona sampuli za kwanza ikafurahi, ikatuita tukawasilishe kazi kamili.

Siku chache kabla ya kikao ulikwenda kliniki yako ya macho. Walikuwa wamehamia jengo jipya. Ukarudi ofisini mchana, uso umekushuka, ukaniambia ulikaa asubuhi nzima kwenye korido ambayo si yako, ukisubiri kuitwa. Vibao vilikuwepo. Vizuri, vya kijivu, vya kioo. Ulipouliza, mtu wa mapokezi alikuonyesha kwa kidole na kusema, "Si imeandikwa pale, mama?"

Mimi nikadhani yamekwisha.

Tulifanya mazoezi ya kikao. Uliyahifadhi maneno yote moyoni, ukurasa kwa ukurasa, na tukakubaliana kwamba picha ya ukutani ikibadilika mimi nitakohoa kidogo ili ujue. Odhiambo aliniuliza kama nina mafua, nikamwambia ni kiyoyozi.

Kikao kilikuwa kule Marina, katika mnara mmoja wenye vioo hadi sakafuni. Tramu ilikuwa bado mpya na kutoka juu tuliiona ikipita kama mdudu wa fedha. Kamati iliongozwa na mama mmoja wa nchi hii, daktari, wote wakimwita Doktora. Sir Fadi alivaa suti yake ya bluu. Ukaanza vizuri. Nikakohoa, ukaenda ukurasa wa pili. Nikakohoa tena, ukaenda wa tatu. Wanakamati wakawa wanatikisa vichwa kwa kuridhika.

Picha ya wodi ya watoto ilipotokea nikakohoa, nawe ukanyamaza. Nikakohoa tena. Ukageuka kuelekea sauti yangu, ukatabasamu kidogo, kisha ukaanza kuzungumza Kiarabu.

Sikuelewa neno. Nilichokiona ni Sir Fadi akiweka kalamu yake mezani polepole. Kisha Doktora akavua miwani. Ndipo ukarudia kwa Kiingereza, ili sisi wengine tusikie.

"Kilichopo ukutani nimekichora mimi, na sikioni. Nimekihifadhi kwa moyo. Binti huyu anakohoa ili nijue niseme nini. Wagonjwa wenu wengi wataingia mlangoni wakiwa na macho kama yangu, na wao hawatakuwa na wa kuwakoholea."

Nilitazama meza. Nilijua kwamba umeshika mkononi kila ulichonacho katika dunia hii na umekifungua mbele ya watu usiowajua.

Doktora akakuuliza tangu lini. Ukamjibu tangu mwaka uliopita. Akauliza kwa nini hukusema. Ukasema, "Kwa sababu niliogopa, Doktora. Bado naogopa."

Tuliteremka na lifti hakuna anayemtazama mwenzake. Kwenye maegesho Sir Fadi akasimama kando ya gari, akawasha sigara, akakwambia kwa sauti ya chini iliyokuwa mbaya kuliko kelele kwamba ungemwambia yeye kwanza. Ukamjibu, "Ningekuambia wewe kwanza, usingeniruhusu kuwaambia wao." Nyuma ya gari ulinishika mkono, na mkono wako ulikuwa wa baridi. "Nimesema kweli," ukaninong'oneza kwa Kiswahili, kama mtu anayetaka kuambiwa kwamba hakukosea. Nikakubana vidole.

Wengi wanaosimulia habari hii sasa pale ofisini huiruka sehemu inayofuata. Mimi siwezi kuiruka kwa sababu nilikuwepo. Sir Fadi hakukufukuza. Alikuita akakwambia visa yako inabaki, khalas, basi, hilo lisikusumbue. Lakini ukuu wa wasanifu, uliokuwa wako, akampa Odhiambo. Kila mtu aliona ni haki, na labda ilikuwa haki, na wewe uliumia. Ulikuwa ukila peke yako. Odhiambo alihama meza kwa aibu, akanunua maandazi kwa akina mama wa Kitanzania wanaouza mtaani akakuletea, ukayaacha mpaka yakakauka. Nilikuona, Bi Zuwena. Sikutaka ujue kwamba nakuona.

Doktora ndiye aliyekurudisha. Kamati ilirejesha kazi yote, ikasema ichorwe upya, na kila kibao ukijaribu wewe kabla wao hawajakitazama. Nilipokusomea barua hiyo uliniambia niisome tena. Kisha ukauliza kama yale maandazi bado yapo.

Miezi ile ndiyo ninayoikumbuka ninaposhindwa kulala. Tulichapisha vibao vikubwa kwenye lile duka langu la zamani, tukavitundika chini kwenye maegesho ya jengo letu, na wewe ukatembea umeweka mkono begani mwangu. "Simama," ulikuwa ukisema neno linapoanza kusomeka, nami napiga chaki sakafuni. Tuliwaalika wazee wa msikiti wa jirani. Tuliwaalika akina mama wa usafi wasiosoma Kiarabu wala Kiingereza. Herufi zikanenepa. Kijivu kikatoka, ikaingia njano juu ya bluu nzito. Kila idara ikapata picha kubwa, na sakafuni tukachora mistari ya kufuata. Odhiambo alikuwa akiguna.

"Bi Zuwena, aki hii inakaa kama soko."

"Sokoni nani kapotea?" ukamjibu.

Alicheka mpaka akaketi. Kuanzia siku hiyo mliongea tena, na yeye mwenyewe akaibomoa programu ya simu ya hospitali akaanza upya.

Halafu sukari ikafika kwenye figo. Sitaki kuandika sana juu ya figo. Ulikuwa ukienda kusafishwa damu na kurudi umechoka hata kuitikia. Mara ya mwisho nilipokuja wodini nilikuta umelala umegeukia ukuta, lakini ulinijua kwa hatua zangu. Ukaniuliza kama vibao vya kwanza vimetoka kiwandani. Nikasema vimetoka.

"Nambie bluu yake."

Nikasema ni kama sketi za shule yetu Korogwe. Ukasema hiyo hujaiona. Nikafikiri. Nikasema ni kama ile kanga uliyovaa Idi, ukiikunja, pale ndani ya mkunjo ambapo jua halijafika. Ukafumba macho.

"Hiyo nzuri," ukasema.

Asubuhi ya pili yake Salma akanipigia simu. Wanaume walikuzika baada ya sala ya alasiri. Sir Fadi alikwenda. Odhiambo alisimama nje ya geti la makaburi, amevua kofia, hajui afanye nini na mikono yake. Mimi nilibaki nyumbani kwako na wanawake. Walikuwa wakisoma Kurani, nami sikujua kuisoma, nikaenda jikoni nikaosha vikombe. Nilipomaliza nikaviosha tena.

Hospitali imefunguliwa. Wiki iliyopita niliomba ruhusa nikaenda, nikakaa kwenye benchi karibu na mlango mkubwa kama mtu anayesubiri mgonjwa wake. Nianze na kasoro, maana ungeniuliza: kibao cha karibu na lifti za upande wa kushoto kimewekwa juu mno na taa inakipiga. Nimemwambia Odhiambo, na keshawaandikia. Jina lako halipo popote, maana vibao haviandikwi jina la aliyevichora. Nilikuwa nimelitafuta hata hivyo.

Akaingia dada mmoja wa Uganda, yaya, amembeba mtoto wa madam wake, mtoto anaungua homa. Alikuwa na simu sikioni, anazungumza na mwenzake kwa kile Kiswahili chao, nikamwona amesimama katikati ya ukumbi akigeuka huku na huku. Nikainuka nimsaidie. Kabla sijafika akatazama chini, akatazama mbele, akaanza kutembea.

"Hapana, mimi sijapotea," alikuwa akisema kwenye simu. "Kuna picha ya mtoto mkubwa sana pale. Mstari wake uko hapa chini, naenda nao."

Akanipita. Nikarudi nikaketi kwenye benchi, nikalia kwa mara ya kwanza tangu ufe. Mlinzi akaja akaniuliza kama mgonjwa wangu yuko hali mbaya. Nikamwambia hapana, kaka, hali yake ni nzuri.

Sasa nikuage, Bi Zuwena, wenzangu karibu watarudi. Salma nitampigia kila Idi, na nikipata likizo nitapita Unguja nimwone dada yako, nimweleze ulikuwa nani huku, maana anakukumbuka ukiwa mtoto tu. Kuna kazi mpya ya programu ya benki, herufi zake ni ndogo kama mchanga, na mteja anazipenda. Jumapili, ofisi ikifunguliwa, nitamwambia kwamba mama anayesafisha ofisi yetu ndiye atakayeijaribu kwanza. Akikasirika, akasirike. Nakuahidi sitaonyesha kazi ya mikono yangu kwa wakubwa kabla hajaishika mtu ambaye hakuna aliyemfikiria.

Na siku nitakapokuwa nimeshindwa jambo, nitasema. Nitaogopa, kama ulivyoogopa wewe, lakini nitasema.

Lala salama, mama. Mwenyezi Mungu akujaze nuru huko uliko.

Mwanao,
Tabitha